Kuku Kumi wa Uani na Somo la Kinga

Mtu anunuapo kuku kwa mara ya kwanza huanza na banda. Hupima, hupigilia misumari, hutandika maranda, hutengeneza viota, kisha huleta mitetea tisa na jogoo mmoja, na kila jioni huwahesabu waingiapo kulala. Miezi ya mwanzo mambo huenda vizuri. Mayai huokotwa, mtetea mmoja huatamia, vifaranga huonekana uani. Halafu hufika asubuhi moja ambapo kuku mmoja hashuki kutoka kwenye fito za kulalia. Amejikunyata, manyoya yamemsimama, kinyesi chake ni majimaji ya rangi ya kijani. Kesho yake wako watatu wa namna hiyo, na mmoja wao amepinda shingo kana kwamba anatazama kitu nyuma ya bega lake. Juma halijaisha banda limebaki tupu, na mwenye nyumba anajiuliza ni chakula gani alichokosea.

Hakukosea chakula. Ugonjwa uliomwingilia huitwa mdondo, na mahali pengine kideri. Katika vitabu vya utabibu wa mifugo hujulikana kama ugonjwa wa Newcastle, kwa jina la mji wa Newcastle upon Tyne nchini Uingereza ambako ulitambuliwa mwaka 1926. Mwaka huo huo ulionekana pia katika kisiwa cha Java. Katika vijiji na mitaa ya Afrika Mashariki hakuna ugonjwa unaohesabiwa kuwa adui mkubwa zaidi wa kuku wa kienyeji kuliko huu. Hauna dawa ya kuuponya. Una kinga tu, na kinga hiyo hutolewa wakati ambapo kuku ni wazima, wanakula na kutaga, na mfugaji haoni sababu yoyote ya kuhangaika. Hapo ndipo ugumu wake ulipo kwa mtu aanzaye.

Makala haya yanaueleza mwili wa kuku kwa kadiri inavyomhusu mfugaji wa kuku wachache, kisha yanaeleza mdondo na kinga yake. Mwalimu wa biolojia atakuta humo mambo kadhaa yawezayo kufundishwa kwa kuku wale wale wanaozunguka nyuma ya darasa.

Banda na hewa

Kuku hana tezi za jasho. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41 hadi 42 za sentigredi, yaani juu ya joto la binadamu, na hali ya hewa ikiwa ya moto hujipoza kwa kutweta: hufungua mdomo na kuvukiza maji kutoka katika njia zake za pumzi. Kwa sababu hiyo maji hayana mbadala. Kuku hunywa kwa uzito kiasi cha mara mbili ya chakula alacho, na siku za joto kali hunywa zaidi ya hapo. Mtetea akikosa maji kwa siku moja tu, utagaji wake waweza kuvurugika kwa siku nyingi baadaye.

Banda lenyewe halihitaji gharama kubwa. Mita moja ya mraba yatosha kuku wanne au watano wakubwa, iwapo mchana hutoka nje. Yafaa urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na la alasiri lisiingie ubavuni, na sehemu ya juu ya kuta iwe ya wavu au ya fito zilizoachana. Kosa la wengi waanzao ni kuziba kila mwanya kwa kuogopa baridi. Kuku aliyevaa manyoya makavu huivumilia baridi ya usiku wa nchi zetu bila shida. Asichoweza kuvumilia ni hewa chafu.

Sababu yake ni ya kikemia. Kuku hatoi mkojo kando na kinyesi. Ile sehemu nyeupe ionekanayo juu ya kinyesi chake ndiyo mkojo, na ndani yake mna asidi ya uriki. Maranda yakilowa, bakteria huivunja asidi hiyo na gesi ya amonia hutoka. Gesi hiyo huwasha macho, na ndani ya koo hulemaza vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kusukuma nje vumbi na vijidudu. Kuku ambaye vinyweleo vyake vimelemaa ni kama nyumba iliyoachwa mlango wazi. Kipimo cha amonia hakihitaji maabara: mfugaji na achuchumae asubuhi ndani ya banda, kichwa chake kikiwa kwenye kimo cha kichwa cha kuku, na avute pumzi. Macho yakimwasha, maranda yabadilishwe siku hiyo hiyo.

Yai na chokaa

Yai moja hutengenezwa kwa muda wa saa 24 hadi 26 hivi tangu kiini kiachapo ovari. Kiini hupokewa na mdomo wa mrija wa uzazi, na ni hapo ambapo mbegu ya jogoo, kama ipo, hukutana nacho. Asiye na jogoo atapata mayai vile vile. Hatapata vifaranga tu. Baada ya hapo ute mweupe huongezwa kwa muda wa saa tatu hivi, kisha ngozi mbili laini hulizunguka yai. Muda unaosalia, kama saa 20, hutumika kujenga gamba. Kwa hiyo kazi kubwa ya mtetea hufanyika usiku, wakati amelala kwenye fito na mfugaji anadhani hakuna linalotendeka.

Gamba la yai la kawaida lina uzito wa gramu 5 au 6, na karibu lote ni kalsiamu kabonati, ambayo ni dutu ile ile ya makombe ya baharini. Ndani yake mna kalsiamu ipatayo gramu 2. Mifupa yote ya mtetea mmoja ina kalsiamu ya gramu 20 hivi. Mwanafunzi aweza kuona mara moja uzito wa jambo hili: kuku wa kienyeji atagaye mayai 50 kwa mwaka hutoa kalsiamu mara tano ya ile iliyomo katika mifupa yake yote, na kuku wa kisasa atagaye mayai 300 hutoa mara thelathini. Damu haiwezi kuchukua akiba kubwa namna hiyo. Maumbile yamempa mtetea mfupa wa ziada, laini na wenye sura ya sifongo, ambao hujengwa ndani ya mifupa mirefu ya miguu muda mfupi kabla hajaanza kutaga. Usiku, chakula kinapokuwa kimekwisha tumboni, kalsiamu huazimwa kutoka mfupa huo, na mchana hurudishwa. Deni lisiporudishwa, kwanza magamba huwa membamba, kisha kuku huchechemea, na mwishowe hushindwa kusimama.

Kwa hiyo mfugaji na aweke makombe yaliyopondwa, au mifupa iliyochomwa na kusagwa, au mawe ya chokaa yaliyosagwa, katika chombo cha peke yake. Mtetea atagaye atakula kwa kadiri ya haja yake, kwa maana hamu yake ya kalsiamu hupanda alasiri, kabla ya ujenzi wa gamba. Si vema kuchanganya chokaa nyingi katika chakula cha wote, kwani vifaranga na matembe ambao hawajaanza kutaga huharibika figo kwa kupata kalsiamu kupita kiasi. Wala isidhaniwe kuwa chokaa iliyounguzwa, ile ya kupaka kuta, yafaa kuliwa. Hiyo huunguza.

Kuhusu chakula kingine hakuna haja ya maneno mengi. Pumba za mahindi hutia nguvu, mashudu ya alizeti na dagaa huleta protini, majani mabichi huleta vitamini, na kuku aachiwaye kuzurura hujitafutia wadudu na changarawe za kusagia chakula ndani ya firigisi. Onyo ni moja. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo watu wengi huona kuwa hayafai ugali lakini yafaa kuku, huweza kuwa na sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini la kuku na kudhoofisha kinga ya mwili wake.

Namna mdondo uingiavyo

Kuku aliyetunzwa hivyo atakuwa mnene na mtagaji mzuri. Mdondo ukija utamkuta hivyo hivyo na kumwua. Katika kundi ambalo halijachanjwa, aina kali ya ugonjwa huu yaweza kuua karibu kuku wote, wenye afya pamoja na wadhaifu.

Kisababishi chake ni virusi. Virusi si kiumbe kiwezacho kuishi na kuzaliana peke yake. Ni kifurushi cha maelekezo ya urithi kilichofungwa katika protini na mafuta, na huzaliana tu kikiisha kuingia ndani ya seli ya kiumbe hai. Virusi vya mdondo vina juu yao protini iitwayo F, ambayo ndiyo ufunguo wa kuingilia katika seli. Lakini ufunguo huo huzaliwa haujachongwa. Hapana budi ukatwe na kimeng'enya cha mwili wa kuku ndipo ufanye kazi. Katika virusi vipole, mahali pa kukata paweza kukatwa tu na vimeng'enya vilivyomo katika njia ya hewa na matumbo, basi virusi hivyo hubaki huko na kuku hadhuriki sana. Katika virusi vikali, mahali hapo paweza kukatwa na kimeng'enya kilichomo karibu katika kila seli ya mwili, nao ugonjwa huenea mpaka katika ubongo. Ndiyo maana kuku hupinda shingo, huzunguka mahali pamoja, na hupooza mabawa na miguu. Tofauti ya uhai na kifo imo katika sehemu ndogo sana ya protini moja, na msomaji aikumbuke tofauti hiyo, kwa kuwa ndiyo iwezeshayo chanjo.

Tangu virusi viingie mpaka dalili zionekane hupita siku 2 hadi 15, mara nyingi 5 au 6. Katika siku hizo kuku huweza kuanza kutoa virusi kwa pumzi na kinyesi huku akionekana mzima. Kuku wa namna hiyo huuzwa mnadani akiwa ananyonyoka kwa unene, hubebwa kwenye tenga pamoja na wengine ishirini, na hufika katika ua mpya kama zawadi au kama mbegu. Matenga, viatu, manyoya na matumbo yaliyotupwa jalalani hufanya kazi hiyo hiyo ya kuchukua virusi kutoka ua hadi ua.

Lipo jambo jingine ambalo ni la kibinadamu na si la virusi. Mara kuku wa kwanza wanapokufa, mwenye nyumba huona hasara ikimjia, naye hukimbilia kuwachinja au kuwauza waliosalia kabla bei haijaanguka. Haifai kumlaumu kwa wepesi, maana huenda ada ya mtoto wa shule ilikuwa inawategemea kuku hao. Hata hivyo, kuku wale ambao angali anaweza kuwauza ndio hasa waliomo katika zile siku za kificho. Kwa kuwauza huokoa shilingi chache na kuupeleka ugonjwa katika vijiji vitatu.

Mfugaji mpya basi na ajiwekee sheria ya siku 14. Kila kuku aingiaye, awe amenunuliwa au amepewa na shangazi, akae mbali na wenzake kwa majuma mawili, ahudumiwe mwisho baada ya wengine, na mhudumu anawe mikono kwa sabuni. Sabuni si desturi tu ya usafi hapa. Virusi vya mdondo vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo kama ivunjavyo mafuta ya sufuria.

Kuku na historia ya elimu ya kinga

Yafaa kusimama kidogo hapa, kwa sababu elimu ya kinga ya mwili, hata ya mwili wa binadamu, inadaiwa mengi na kuku.

Mwaka 1879 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alikuwa akichunguza kipindupindu cha kuku, ugonjwa wa bakteria ambao ni mwingine kabisa na mdondo. Vijidudu vilivyokuwa vimekaa muda mrefu maabarani vilipotiwa katika kuku havikuwaua. Kuku hao hao walipotiwa baadaye vijidudu vipya vikali, wakasalimika, hali kuku wengine walikufa. Pasteur alielewa kuwa kijidudu kilichodhoofishwa huweza kuufundisha mwili kujikinga na kile kikali, na kwa njia hiyo ikawezekana kutengeneza chanjo nyingine nyingi.

Jambo la pili lilichukua muda mrefu zaidi. Karibu na mkundu wa kifaranga mna kifuko kidogo ambacho mwanazuoni wa Padua, Fabricius, alikieleza katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1621, baada ya kifo chake. Kwa zaidi ya miaka 300 hakuna aliyejua kazi ya kifuko hicho. Katika miaka ya 1950, nchini Marekani, Bruce Glick aliwaondolea vifaranga kifuko hicho, nao wakakua bila tofauti iliyoonekana. Mwenzake Timothy Chang alipohitaji kuku kwa ajili ya somo la kuonyesha namna mwili utoavyo zindiko, yaani protini za kupigana na vijidudu, alitumia baadhi ya kuku hao. Hawakutoa zindiko. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1956, na kwa njia hiyo ikajulikana kwamba seli zitengenezazo zindiko hukomaa, kwa kuku, katika kifuko cha Fabricius, ambacho kwa Kilatini huitwa bursa. Seli hizo huitwa hadi leo seli B, hata katika mwili wa binadamu ambaye hana kifuko hicho, na ambaye seli zake hukomaa ndani ya uboho wa mifupa. Mwanafunzi aonapo herufi B katika kitabu chake na amkumbuke kifaranga.

Mfugaji naye ana sababu ya kukijua kifuko hicho. Ugonjwa wa gumboro, ambao huwapata zaidi kuku wenye umri wa majuma 3 hadi 6, hukishambulia chenyewe. Kifaranga akiugua gumboro na kupona, huenda chanjo ya mdondo isimshike vizuri baadaye, kwa kuwa chuo cha askari wake kimebomolewa.

Tone moja jichoni

Chanjo za mdondo zimekuwapo kwa miaka mingi, lakini nyingi zilitaka kuwekwa katika baridi tangu kiwandani hadi kwa kuku. Kwa shamba kubwa karibu na mji hilo halikuwa tatizo. Kwa mtu mwenye kuku kumi, anayekaa mahali pasipo umeme, lilikuwa sawa na kutokuwa na chanjo. Katika miaka ya 1990 Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitayarisha chanjo ya I-2 kwa virusi vipole vinavyostahimili joto. Mbegu ya chanjo hiyo ilitolewa kwa nchi zilizotaka kujitengenezea wenyewe, na Tanzania ni mojawapo. Chanjo hiyo hutengenezwa humu nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ikiwa imekaushwa na kuwekwa gizani, huhimili majuma kadhaa nje ya jokofu. Hii haina maana kwamba haiharibiki. Jua huiharibu upesi, na mwuza duka aiwekaye dirishani huuza chupa tupu kwa bei ya chanjo.

Chanjo hutolewa kwa tone moja katika jicho moja. Watu huuliza kwa nini jicho. Nyuma ya jicho la kuku mna tezi iitwayo tezi ya Harder, iliyojaa seli za kinga, na kutoka jichoni mna njia ya kushukia puani na kooni. Virusi vipole vya chanjo hukua katika njia hiyo ile ambayo virusi vikali vingeingilia, na zindiko huwekwa langoni na katika damu pia. Kifaranga wa siku moja na jogoo mkubwa hupata tone sawa, kwa sababu virusi hivyo ni hai na hujiongeza vyenyewe ndani ya mwili.

Utaratibu wake ni rahisi. Kuku wafungiwe usiku wa kuamkia siku ya chanjo, wachanjwe alfajiri kabla hawajatawanyika. Mmoja hushika kuku na kulaza kichwa chake upande, mwingine hudondosha tone bila ncha ya chupa kugusa jicho, na kuku haachiwi mpaka apepese na tone liingie ndani. Kuku wagonjwa hawachanjwi. Chanjo iliyokwisha kuchanganywa hutumika siku hiyo hiyo, na mikono huoshwa mwishoni, kwani virusi hivyo huweza kumletea mtu uwekundu wa macho wa siku chache. Zindiko la kutosha hupatikana baada ya siku 7 hadi 14. Kwa hiyo chanjo itolewayo wakati jirani ameanza kuzika kuku aghalabu huwa imechelewa. Kinga hushuka kadiri muda upitavyo, na hapana budi chanjo irudiwe kila baada ya miezi 3 au 4 kwa kufuata maelezo ya chupa, mwaka hadi mwaka. Mfugaji aliyechanja mara moja na kuona mafanikio ndiye aliye hatarini kusahau mara ya pili.

Hesabu ya ujirani

Chupa moja ya chanjo huwa na dozi nyingi, aghalabu 100 au zaidi, nayo ikichanganywa haiwekwi mpaka kesho. Mwenye kuku kumi akinunua peke yake humwaga dozi 90. Hapo wengi hukata tamaa, na huenda hiyo ni sababu kubwa kuliko ujinga au uvivu ambao wafugaji wadogo husingiziwa. Dawa yake ni watu wa nyumba kumi kununua chupa moja na kuchanja asubuhi moja.

Faida ya kufanya hivyo haiishi katika bei. Ichukuliwe kwa mfano kwamba kuku mmoja mgonjwa, katika mtaa usiochanjwa, huambukiza wengine watano. Kila mmoja wa hao huambukiza watano, na baada ya vizazi vitatu vya ugonjwa wapo wagonjwa wapya 125. Sasa kuku wanne kati ya kila watano wakiwa na kinga, yule mgonjwa hukutana na watano wale wale, lakini mmoja tu ndiye awezaye kuugua. Moto hauongezeki tena. Ikiwa kinga ni zaidi ya hapo, ugonjwa huzimika wenyewe kabla ya kulimaliza kundi. Katika mfano huu kiwango cha kuvuka ni asilimia 80: mtaa wenye kuku 400 unahitaji kuku zaidi ya 320 wenye kinga, na kwa kuwa chanjo haishiki kila kuku, waliochanjwa lazima wazidi hapo. Kuku wa uani hawajui mpaka wa ua. Mwenye banda zuri lenye kufuli huku jirani zake wote hawajachanja amejenga nusu ya banda.

Na iwapo vifo vingi vya ghafla vimetokea, kwanza mtaalamu wa mifugo wa kata aarifiwe, kwa sababu homa kali ya mafua ya ndege huweza kufanana na mdondo, na hiyo huweza kumdhuru hata binadamu. Mizoga ifukiwe ndani sana au ichomwe, pasiwepo wa kuila wala wa kuwapa mbwa. Banda lioshwe kwa sabuni, maranda yachomwe, na jua liingie humo kwa majuma kadhaa kabla ya kuleta kuku wengine.

Kazi za darasani

Gamba la yai lililooshwa na kukaushwa kabisa hupimwa kwa mizani. Likichukuliwa kuwa asilimia 95 ni kalsiamu kabonati, na uzito wa molekuli yake ni 100 ambao 40 ni wa kalsiamu, wanafunzi watafute gramu za kalsiamu. Gamba la gramu 5.5 litawapa gramu 2.09. Walinganishe mayai ya kuku waliowekewa makombe na ya wale ambao hawakuwekewa.

Yai bichi likizamishwa katika siki kwa siku mbili, mapovu hutoka na gamba huyeyuka. Gesi ikipitishwa katika maji ya chokaa, maji hubadilika kuwa kama maziwa, na hiyo ni alama ya kaboni dioksidi. Yai lililobaki na ngozi yake tu hupimwa uzito, kisha hutiwa katika maji matupu kwa usiku mmoja na kupimwa tena. Usiku wa pili hutiwa katika maji yenye sukari nyingi. Sababu ya kunenepa na kukonda kwake ielezwe.

Mtetea aliyechanjwa hupitisha zindiko katika kiini cha yai, na kifaranga huzaliwa nalo. Zindiko hilo la kuazima hupungua nusu kila baada ya siku nne na nusu hivi. Wanafunzi wachore mstari wake tangu siku ya kwanza. Watakuta kwamba siku ya 18 imebaki sehemu moja ya kumi na sita, na waeleze kwa nini kifaranga wa mama aliyechanjwa naye lazima achanjwe.

Mwisho, darasa lenye banda la shule liweke daftari lenye safu tano: tarehe, idadi ya kuku jioni, mayai, kuku waliofika au kuondoka, na tarehe ya chanjo ijayo. Safu ya mwisho ijazwe siku ile ile ya chanjo, kabla chupa haijatupwa.